Wadhamini wa Sentimita

Siku fundi cherehani Sentimita alipoondoka, aliacha sindano imezama kwenye upindo wa suruali ya mteja, chaki mezani, na chai nusu kikombe. Alichukua kifurushi kilichoviringishwa kwa gazeti, akapita mbele ya meza ya Mama Vifungo na kumwambia anarudi sasa hivi. Mama Vifungo akamjibu kwamba hiyo sasa hivi yake anaijua, ndiyo ileile anayowaambia wateja wa suti. Fundi akacheka, akakata kona penye duka la rangi. Tangu hapo hakuna aliyemtia machoni.

Mkewe hakuruhusu mtu aiguse ile suruali. Alimweleza Inspekta, mwanamke aliyepewa kesi hiyo, kwamba fundi anayekwenda nyumbani huinua sindano na kuifunika mashine, lakini anayetoka kidogo tu huizamisha, ili kitambaa kisihame mahali pake. Inspekta alikuwa ameliandika hilo mwanzoni kabisa mwa jalada. Mtu aliyekusudia kukimbia hazamishi sindano.

Halafu maiti ikapatikana kwenye mtaro mkubwa nyuma ya machimbo ya kokoto. Maji yalikuwa yameshauharibu uso, na vidole havikuweza kutoa alama. Kimo kilikuwa cha Sentimita, na wembamba pia. Mfukoni hamkuwa na kitu. Kilichobaki kikisema jambo lolote kilikuwa shati la samawati lenye mistari myembamba, na watu watatu walipoitwa chumba cha maiti, wote watatu waliliangalia shati, wakainamisha vichwa, wakasema ni yeye. Mkewe alisema mshono ni wa mumewe. Pasi, mpiga pasi wa pale dukani, alisema hivyohivyo. Mama Vifungo akasema hata vifungo ni vyake, alimuuzia mwenyewe.

Mazishi yakapangwa kesho. Kilichobakia ni Inspekta kutia saini ili cheti cha kifo kitoke, na mkuu wa kituo alikuwa ameshamuuliza mara mbili anasubiri nini.

Alikuwa anasubiri kuelewa simu aliyopigiwa asubuhi. Meneja wa chama cha akiba na mikopo cha mafundi alikuwa ameomba nakala ya cheti hicho, kwa ajili ya bima ya mkopo. Kisha, kama mtu anayeaga, akasema ni ajabu kweli, maana mmoja wa wadhamini wa marehemu alikuja kumuuliza kuhusu jambo hilohilo, na marehemu wakati huo alikuwa hai anashona.

Ofisi ya chama ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vyuma, na kila lori lililopita barabarani lililitikisa kabati la bati lililokuwa ukutani. Meneja alikuwa mtu wa tai fupi na maneno marefu. Alieleza kwamba Sentimita alikopa ili anunue mashine ya ovaloki, ya kuziba kingo za kitambaa, na jora la kitambaa cha sare. Kwa kuwa akiba yake haikutosha kuubeba mkopo, watu watatu waliweka akiba zao dhamana: mkewe, Pasi na Mama Vifungo.

Inspekta alimwomba amweleze, taratibu, akiba iliyowekwa dhamana ni kitu gani.

"Ni mwanachama anasema, huyu akishindwa kulipa, kateni kwangu."

"Kwa hiyo mlichukua fedha zao."

"Hatukuchukua. Zipo."

"Basi wanaweza kuja kuzitoa."

"Hawawezi."

Inspekta aliandika, akakata, akaandika tena. "Kwa sababu Sentimita amezitumia."

"Sentimita hakugusa hata senti ya wale watu. Yeye alipewa fedha ya chama."

"Hebu nisaidie, Meneja. Hamkuzichukua ninyi, hakuzichukua yeye, na wenyewe hawawezi kuzichukua. Ziko wapi?"

"Kwenye akaunti zao. Hata faida ya mwaka wanapata kama wengine. Ila hazitoki mpaka mkopo uishe." Meneja aliona bado hajaeleweka, akasimama na kukishika kiti chake. "Kiti hiki ni changu. Nikikuambia, rafiki yangu akikivunja chako, chukua hiki, bado ni changu na nitaendelea kukikalia. Lakini siwezi tena kukiuza wala kuhama nacho. Kimefanya kazi mahali pengine bila kuondoka hapa."

Inspekta alikiangalia kiti kwa muda. Kilikuwa na mguu mmoja uliofungwa waya. Alikiri kwamba kuhusu kiti ameelewa, kuhusu fedha bado kidogo, na akauliza mtu aliyejiweka katika hali hiyo hutokaje. Meneja alisema mlango wa kwanza ni mkopo kulipwa wote. Wa pili ni kupatikana mdhamini mwingine wa kuchukua nafasi yako, jambo ambalo halitokei, maana watu si wajinga. Wa tatu ni mkopaji kufariki. Hapo bima hulipa deni na dhamana zote huachiwa.

"Na akipotea?"

"Bima haimjui aliyepotea, Inspekta. Inamjua marehemu. Akipotea, marejesho yanasimama, na yakisimama tunakata kwa wadhamini."

"Kwa hiyo kwa watu hawa watatu ni afadhali awe amekufa."

Meneja aliivuta tai yake iliyokwisha kuwa fupi. "Mimi hayo sijayasema," alisema. "Nilimweleza Pasi milango mitatu, kama nilivyokueleza wewe. Aliuliza, nikajibu. Ndiyo kazi yangu."

Pasi alikuwa ndani ya duka la Sentimita, upande wa nyuma, anapulizia mkaa ndani ya pasi yake nzito. Alikuwa mtu mkubwa wa kifua, mwenye mashati ya watu kila upande, na alipomwona Inspekta aliweka pasi juu ya tofali lake na kuanza kukunja sare moja ambayo ilikuwa tayari imekunjwa. Inspekta hakuzunguka. Alimuuliza kwa nini alikwenda chama kuulizia kifo cha mtu aliye hai.

Pasi alisema hakwenda kuulizia kifo, alikwenda kuulizia fedha yake. Mke wake yeye anapoteza jicho, daktari ametaka alipwe kabla ya kumtibu, na yeye alijua ana akiba. Alipofika dirishani akaambiwa akiba ipo lakini haitoki. Sasa afande amwambie, kitu kilichopo lakini hakitoki ni kitu gani? Akarudi hapa amewaka, akamwambia Sentimita amrudishie fedha yake.

"Akasema hana," Inspekta alisema.

"Akasema hajawahi kuwa nayo. Nikamwona mwongo. Mimi nilijua tangu siku ile nilipoweka kidole changu kwamba fedha yangu kakopeshwa yeye. Ilikuwa ndiyo hiyo mashine iliyokuwa ikinguruma pale, nilikuwa naitazama najiambia, lile gurudumu ni langu." Aliichukua pasi, akaijaribu kwa kidole kilicholowa, akairudisha. "Nikaenda tena kwa meneja kuuliza, basi inatokaje? Akanitajia milango yake. Nilipomsikia anasema kifo, nikamwambia na wewe pia ufe. Hilo hakukuambia?"

Hakuwa amemwambia. Inspekta aliuliza alikuwa wapi siku Sentimita alipoondoka. Pasi alinyosha mkono kuonyesha rundo la sare za shule, akasema hapohapo, na mashahidi wake ni meza ya Mama Vifungo na ulimi wake.

Mama Vifungo, ambaye meza yake ilikuwa mlangoni na masikio yake popote, hakusubiri kuulizwa. Alisema huyo siku ile hakutikisika, alinuna kutwa kama mkwe aliyenyimwa kiti, na yeye alimtania kutwa nzima bila kupata hata tabasamu moja. Hata mchana alikula akiwa ameugeukia ukuta.

"Alinisalimia," Pasi alisema. "Anatoka na kifurushi chake akaniambia, shikamoo tajiri. Mimi mkubwa wake, alikuwa ananisalimia hivyo kila siku kwa utani. Sikuitikia."

Pasi alitia mkaa mwingine, ingawa ule wa kwanza ulikuwa bado mwekundu.

Inspekta alikuja pale na mshukiwa mmoja, na sasa alikuwa hajui kama bado anaye. Nia ilikuwepo, ugomvi ulikuwepo, lakini mtu mwenyewe hakubanduka kwenye meza yake. Alimgeukia Mama Vifungo na kumuuliza yeye anaelewaje habari ya dhamana. Mama Vifungo alicheka bila furaha. Alisema kwake ni rahisi, mwanangu, chama kimekula. Wanasema ipo, ipo, hata marehemu mume wake alikuwa anasema mapenzi yapo. Alidhamini kwa sababu Sentimita alimnunulia uzi na vifungo kila wiki tangu meza yake ikiwa ndoo iliyopinduliwa. Angeombwa tena angedhamini tena, halafu angelalamika tena.

"Mama, mlipoitwa kule chumba cha maiti, mliutazama mwili?"

"Nani atazame? Uso haupo. Tulionyeshwa shati."

"Kila mmoja shati tu?"

"Mwanangu, sisi ni watu wa nguo. Ukinionyesha mshono nakuambia fundi ni nani. Sentimita anaweka pembetatu ndogo ya kitambaa kwenye mpasuo wa pindo, pande zote mbili, ili lisichanike. Mtaa mzima hakuna mwingine anayejisumbua hivyo. Na kifungo chake anakizungushia uzi shingoni mpaka kinasimama. Nikaona pembetatu, nikaona vifungo vyangu, nikajua ameondoka."

Inspekta alilitoa shati kwenye mfuko wa ushahidi na kulitandaza juu ya meza ya kukatia. Lilikuwa limefuliwa na maji ya mtaro na kukauka likawa gumu kama karatasi. Pembetatu zilikuwepo. Kila alichoambiwa kilikuwa kweli, na hilo ndilo lililomchanganya zaidi. Alikuwa amezoea watu watatu wanaosema uongo mmoja. Hawa walikuwa wanasema ukweli mmoja, na ukweli huo ulikuwa unawafaidi wote.

Mke wa Sentimita aliingia wakati huo, amejitanda khanga nyeusi, mkononi ana mfuko. Alikuwa amekuja kuchukua nguo za mumewe za kumvalisha kesho, kisha akakumbuka zote ziko nyumbani, na za nyumbani ndizo alizokuwa nazo mfukoni. Alieleza hivyo mwenyewe, taratibu, kama mtu anayesimulia makosa ya mtu mwingine. Aliliona shati mezani, akarudi nyuma hatua.

"Pole, shemeji," Pasi alimwambia. "Kaa hapa."

Inspekta alimwomba radhi. Alisema anahitaji kuliweka shati hili karibu na lingine la mumewe, aone mshono mmoja na mwingine, halafu atie saini aende zake. Mke alitoa mashati mawili mfukoni bila kuuliza na kuyalaza kando ya lile la samawati.

Inspekta hakuwa mtu wa nguo. Alitafuta pembetatu kwenye yale mawili, hakuziona. Kwenye moja mfuko ulikuwa umeandikwa herufi za jina la kampuni ya ulinzi na kufumuliwa, na alama za uzi zikabaki. Aliligeuza nje ndani. Ubavuni palikuwa na mistari miwili ya matundu madogo, pale mshono wa zamani ulipofumuliwa na mpya kuingia ndani zaidi. Begani ilikuwa vivyo hivyo.

"Haya hakuyashona yeye?"

"La, dada. Aliyapunguza tu."

"Kwa nini fundi apunguze mashati ya watu wengine?"

"Ni ya wateja ambao hawakurudi. Wanaacha nguo ya kurekebishwa, mwaka unapita, hawaji. Anazikata zimtoshe, anavaa. Alikuwa anasema yeye ndiye mteja pekee asiyemkopa." Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likamkauka. "Hajawahi kujishonea nguo mpya. Hata ya harusi yetu ilikuwa ya bwana mmoja aliyehama."

Alikuwa bado anamtazama Inspekta alipolimaliza neno hilo la mwisho. Halafu alitazama shati la samawati.

Hakuna aliyemwambia alishike. Alilishika mwenyewe, akaligeuza, akapitisha kidole gumba ubavuni kutoka kwapa mpaka pindo. Akarudia upande wa pili. Hapakuwa na tundu hata moja la zamani. Alivuta futi ya kupimia iliyoning'inia kwenye msumari, akapima bega la kulia, akapima la kushoto, na kuyapima tena yote mawili.

"Shemeji," Pasi alisema, kwa sauti ya mtu anayemwomba mwenzake asimwamshe mtoto.

Mama Vifungo alikuwa ameinuka kwenye kiti chake. Inspekta alijua, na mke alijua kwamba anajua, kwamba neno moja lingetosha: aseme safari hii mumewe alijishonea. Nani angembishia? Kesho wangezika, Jumatatu meneja angepata cheti chake, jicho la mke wa Pasi lingetibiwa, na akiba ya mke wa Sentimita mwenyewe, aliyoiweka kidogo kidogo ili ahame kwenye chumba kinachovuja, ingetoka.

"Mume wangu bega lake la kushoto limeshuka," alisema. "Ni kuinamia mashine. Kila shati analovaa analipandisha upande huo, upana wa kidole kizima. Hili liko sawasawa." Aliviringisha futi na kuirudisha kwenye msumari. "Huyu aliyevaa hili ni mteja. Siye."

Pasi aliketi juu ya gunia la mkaa. Mama Vifungo alianza kusema kwamba lakini vifungo, vifungo ni vyake, anavijua.

"Uliviuza lini, mama?" Inspekta aliuliza.

"Jioni ile, kabla hajaondoka kesho yake. Alikuja haraka, akasema kuna mteja amekataa vifungo vyeupe, anataka vya kijivu vyenye kung'aa, na hataki kuja, anataka kupelekewa alipo. Nikamwambia mteja wa namna hiyo mtoze mara mbili." Aliutazama mlango, na kona ya duka la rangi iliyokuwa ikionekana kupitia mlango. "Kile kifurushi," alisema.

Inspekta alikuwa ameshaona. Vifungo vilinunuliwa jioni, vikashonwa asubuhi, shati likaviringishwa kwenye gazeti. Lilitoka dukani chini ya kwapa la Sentimita na kupatikana likiwa limevaliwa na mtu mwingine aliyekufa. Kwa hiyo lilifika. Fundi alimfikia mteja wake, na mteja akalivaa. Yaliyotokea baada ya hapo hakuna aliyeyajua, na mtu aliyekuwa anatafutwa kwa huruma alikuwa sasa mtu wa mwisho anayejulikana kumwona marehemu.

Aliuliza jina la mteja. Hakuna aliyekuwa nalo. Sentimita alikuwa akiwaita wateja kwa vipimo vyao, ndivyo alivyopata jina lake. Mke alikumbuka tu kwamba usiku ule alisema habari ya Themanini na Nane Kifua, kwamba ana haraka na ana maneno makali.

Simu ya Inspekta iliita. Mkuu wa kituo aliuliza kama ameshatia saini. Alijibu kwamba hakuna wa kumwandikia cheti, maana maiti haijulikani tena ni ya nani. Mkuu akauliza ina maana gani maiti haijulikani tena, jana ilikuwa inajulikana. Inspekta alisema ndiyo, afande, jana ilikuwa inajulikana, na kwamba atakuja kueleza, akishapata namna ya kueleza.

Alilirudisha shati kwenye mfuko. Mke alikuwa anakunja yale mawili ya mumewe, mikono kifuani, kola juu, kama yanayopelekwa kwa mteja.

"Dada," alisema, "sasa mnamtafuta kama nani?"

"Kama mtu anayejua aliyevaa hili ni nani."

"Akiwa hai."

"Hilo sijui. Nilikuja hapa nikijua zaidi ya ninavyojua sasa."

Mke alikubali kwa kichwa. Alimwendea Pasi, akamwambia amsamehe kuhusu jicho la mkewe, na Pasi akasema asiseme hivyo, shemeji, asiseme hivyo kabisa. Pasi aliomba tu kwamba kama watampata, waanze kumwambia yeye, kwa sababu kuna salamu anadaiwa. Mama Vifungo alikwenda nje kuwaambia waliokuwa wameshaanza kupanga viti kwamba wavirudishe.

Kisha mke aliketi kwenye kiti cha mumewe, mbele ya mashine, na kuweka mkono juu ya gurudumu. Inspekta alidhani ataiinua sindano. Aliondoa tu vumbi lililotua kwenye upindo wa suruali, akaiacha sindano ilipo.

Kesho hapatakuwa na mazishi. Jalada linarudi kwenye kabati la watu waliopotea, na maiti inabaki kule kwenye baridi mpaka mtu aje kumuulizia Themanini na Nane Kifua. Mwisho wa mwezi, marejesho ya Sentimita yasipolipwa, chama kitaanza kuyakata kwenye akiba za watu watatu, na wa kwanza kwenye orodha ni mkewe.